Mshahara Mnono, Siku Isiyokwisha

Wadogo zangu, maswali ya wachumba na wakwe yatasubiri wiki ijayo. Kuna barua moja imenikalia moyoni, na naamini nikiijibu nitakuwa nimewajibu wengi wenu.

Aliyeiandika ni binti wa upande wa Keroka, kifungua mimba kwao, anayefanya kazi ya hesabu katika ofisi moja mjini Kisii. Hakuna mtu katika ukoo wao aliyewahi kulipwa mshahara kama wake. Ikifika saa nne asubuhi, kazi ya siku nzima imekwisha. Kuanzia hapo hadi saa kumi na moja jioni anahamisha karatasi kutoka rundo moja hadi jingine na kufungua faili alizokwisha kuzifunga, ili mkubwa wake akipita amkute anashughulika. Anasema Jumapili jioni tumbo humkata akiwaza Jumatatu. Halafu anauliza: “Dada, mimi ni mvivu, au sina shukrani? Niache kazi?”

Wewe si mvivu, mdogo wangu. Mvivu angeipenda sana kazi hiyo. Unachoumia ni kukosa kazi huku umekalishwa kwenye kiti cha kazi.

Na maumivu hayo si ya kuwaza tu. Jijini London kuna utafiti mkubwa unaoitwa Whitehall II, ambao mwaka 1985 ulianza kuwafuatilia watumishi wa serikali zaidi ya 10,000. Hao hawakuwa wachimba migodi wala wabeba mizigo. Walikuwa watu wa ofisini kama wewe, wenye viti na mishahara ya kila mwezi. Mojawapo ya mambo yaliyoonekana ni kwamba wale wasiokuwa na usemi juu ya kazi yao, wasioamua lolote kuhusu namna ya kuifanya, walielekea kupata maradhi ya moyo kuliko wenye usemi. Kwa hiyo atakayekuambia kwamba unadeka, msikilize kwa heshima, lakini usimwamini.

Najua watakayosema nyumbani. Watakutajia vijana waliohitimu Chuo Kikuu cha Kisii na leo wanaendesha boda. Mama atakukumbusha kilo za chai alizochuma ili usome. Hawasemi uongo, na wanakupenda. Kisha mzee mmoja atakutolea ile methali: usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi naiheshimu methali hiyo, ila nimeiona ikitumiwa kumfungia mtu mlango mpaka anastaafu. Haikumkataza mtu kusuka msala wake mwenyewe akiwa bado amekalia mbacha. Hilo ndilo ninalokuomba ulifanye, na nitakueleza namna.

Kwanza, nilisoma barua yako mara ya pili nikitafuta mahali ulipoandika unataka kwenda wapi. Sikupaona. Umeandika kurasa mbili za usichokitaka, na hakuna mstari mmoja wa unachokitaka. Sikulaumu kwa hilo, kwa kuwa siku tupu huzima hata hamu. Lakini mtu anayeacha kazi bila kujua anaelekea wapi mara nyingi huishia kwenye ofisi nyingine kama ile ile, yenye mshahara mdogo zaidi.

Kwa hiyo chukua likizo yako. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inakupa siku zisizopungua 21 za kazi kila mwaka, kwa malipo kamili, na nina hakika umezilimbikiza. Usiende Mombasa, wala usizitawanye mojamoja kwa ajili ya mazishi na harusi. Nenda nyumbani ukae. Wiki ya kwanza utalala tu, na ulale. Wiki ya pili jiangalie: mikono yako inaenda wapi bila kutumwa? Je, umejikuta unawafundisha hesabu watoto wa jirani? Umeanza kumpangia mama daftari la maziwa na chai? Umeshinda soko la Daraja Mbili na akina mama wa mboga za chinsaga, ukiwauliza wananunua kwa bei gani na kwa nini hawanunui pamoja? Hapo kuna dalili. Na kama utashinda ndani umejikunyata, huna hamu ya chakula wala ya watu, basi kazi huenda haina hatia, na wa kumwona ni daktari au mshauri kabla ya kuandika barua yoyote ya kuacha kazi. Kuna upweke wa chumba cha kupanga kule mitaa ya Jogoo au Nyanchwa ambao watu huubebesha ofisi.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo wengi hujikwaa.

Chukua hati yako ya mshahara ya mwezi uliopita na uache kutazama ule mstari wa juu unaokufurahisha. Tazama makato. Sheria hiyo hiyo ya Ajira inakataza makato yapite theluthi mbili ya mshahara, na wengi wetu tunaishi pale pale mpakani. Kuna mkopo wa Sacco, na nyuma ya mkopo huo kuna wadhamini. Ukiacha kulipa, Sacco haitakimbizana na wewe peke yako. Itakata akiba za wale waliokutilia sahihi: yule mama wa idara ya pili, yule binamu mwalimu wa Nyamira, yule mwenzako uliyesoma naye. Nimeona undugu ukivunjika kwa jambo hili kuliko kwa mashamba. Na kumbuka wewe nawe umewadhamini wengine. Akiba yako haitatoka ukiitaka kama bado inasimamia mikopo yao, na hata ikiwa huru, Sacco nyingi hutaka notisi ya siku 60 kabla ya kukurudishia. Kwa hiyo usiihesabu akiba hiyo kuwa ni fedha za kuishi mwezi wa kwanza.

Mkopo wa benki uliopewa kwa dhamana ya mshahara nao una masharti yake. Kausome mkataba upya, hasa pale panapoeleza yatakayotokea mshahara ukiacha kupitia benki hiyo. Pensheni ya kazini haitoki yote pia. Sehemu ya mchango wa mwajiri hufungwa hadi umri wa kustaafu. Mchango wa afya wa SHA, ambao leo unakatwa asilimia 2.75 ya mshahara bila wewe kusumbuka, utakuwa juu yako, na kwa asiye na mshahara kwa kawaida hutakiwa wa mwaka mzima. Mkopo wa masomo wa HELB kama hujaumaliza hautakusahau.

Halafu kuna makato yasiyoandikwa kwenye hati. Kwetu Gusii mwenye mshahara ndiye benki ya boma. Ada ya Januari, bili ya hospitali, mchango wa mazishi, saruji ya nyumba ya mama. Yaandike yote. Kama ada ya mdogo wako wa kidato cha tatu inatoka kwako, yeye ni mhusika katika uamuzi huu, na anastahili kuambiwa mapema, wala si siku ya kufungua shule.

Wengi wenu mkichoka mjini huniandikia: dada, nitarudi nyumbani nilime. Wapi, mwanangu? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, yaani zaidi ya 950 kwa kila kilomita ya mraba. Ukigawa kwa ekari, ni karibu watu wanne kwa ekari moja, ukijumlisha na barabara, shule na makaburi. Nyamira kuna nafasi kidogo zaidi, lakini si ya kujivunia. Kipande ambacho baba ataweza kukukatia hakitakulipa mshahara wa ofisini kwa mahindi. Chai nayo huchukua takribani miaka mitatu kabla haijaanza kuchumwa vizuri, na bonasi ya viwanda vyetu vya magharibi ya Bonde la Ufa imekuwa ikiachwa nyuma na ya wenzetu wa mashariki. Sisemi usilime. Nasema shamba letu la leo linataka mtu mwenye fedha kutoka pengine, angalau mwanzoni: za kitalu cha parachichi, za banda la kuku, za tangi la maji. Kwa miaka michache ijayo, mshahara wako unaouchukia ndio mbolea ya hicho unachokitamani.

Wenyeji wa Kisii mnakumbuka jinsi Simeon Nyachae alivyoondoka serikalini. Februari 1999 Rais Moi alimhamisha kutoka Wizara ya Fedha kwenda wizara ya viwanda, naye akakataa na kujiuzulu. Siku hizo ilikuwa nadra waziri kuondoka kwa hiari yake. Watu wengi walisifu ujasiri wake, na mimi pia nausifu. Lakini tazameni alikuwa amesimama juu ya nini alipofanya hivyo. Biashara zake hazikuanza 1999. Alizijenga akiwa bado mtumishi wa umma, na mkate wa kiwanda chake cha Sansora ulikuwa ukiliwa Kisii miaka mingi kabla. Tume ya Ndegwa ya 1971 ilikuwa imewaruhusu watumishi wa umma kuwa na biashara zao, na waliojipanga walijipanga. Ni kweli, alikuwa mtoto wa chifu mkuu Musa Nyandusi, na wewe si mtoto wa chifu. Ukubwa wa biashara hautalingana. Mpangilio unaweza kulingana: mkate kwanza, barua ya kujiuzulu baadaye.

Tena si lazima uondoke ndipo uwe mtu. Shaaban Robert aliingia kazi ya ukarani wa forodha Tanganyika mwaka 1926, akaendelea na ajira za serikali ya kikoloni kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Sidhani kuhesabu ushuru kulimpa raha. Lakini mashairi na vitabu tunavyovisoma hadi leo viliandikwa na mtu huyo huyo wa ofisini, katika saa ambazo ofisi haikuzichukua. Wewe una kitu ambacho mama yako hakuwahi kuwa nacho: akili ambayo haijachoka saa kumi na moja jioni. Itumie.

Nikuambie basi ninavyoona mimi. Usiache kazi mwezi huu. Ukitoka likizo, nenda kwa mkubwa wako na jambo moja mahususi. Usiende na malalamiko. Mwombe uhamishwe kitengo, au upewe kazi ya ukaguzi, au usimamie mfumo mpya. Wakubwa wengi hawajui kwamba unamaliza saa nne, kwa sababu umejitahidi wasijue. Akikubali, huenda kiu yako ikapoa. Akikataa, utakuwa umejua kwamba hapo pameisha.

Wakati huo huo anza kitu chako kidogo nje ya saa za kazi. Soma kwanza masharti ya ajira yako, na usithubutu kuiuzia bidhaa ofisi ambayo wewe mwenyewe unaidhinisha malipo yake. Kesi za namna hiyo zimewamaliza watu waliokuwa na nia njema. Kipe hicho kitu mwaka mzima, kipite Januari ya ada na miezi mibaya. Mwaka huo lipa mkopo wa Sacco kwa kasi, na usikope mwingine hata wakikuletea fomu hadi mezani. Weka pembeni fedha za kuendesha maisha yako kwa miezi sita, pamoja na zile za nyumbani. Kitu chako kikisimama na wadhamini wako wakiwa huru, ondoka, wala usimwombe mtu ruhusa.

Kwa yule kijana wa Nyansiongo aliyeuliza swali hilo hilo kwa mistari mitatu: wewe una miaka 24, huna mkopo, huna mtoto, wadogo zako wanasomeshwa na baba, na umeshapata nafasi ya kujifunza uchongaji Tabaka. Mimi nakuambia nenda. Mawe ya Tabaka yamewapeleka watu mbali; kazi ya Elkana Ong'esa imesimama makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Ukishindwa, utakuwa bado kijana.

Mkiondoka, abaminto, ndugu zangu, ondokeni vizuri. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya maandishi ya siku 28, isipokuwa mkataba umesema zaidi. Dai malipo ya siku za likizo ulizobakiza. Dai cheti cha utumishi, ni haki yako kisheria, hata kama mmeagana kwa hasira. Mkabidhi anayekufuata faili zikiwa safi.

Na baba yako, binti wa Keroka, usimwambie kwa simu. Panda matatu Jumamosi, mkute akiwa ametulia, na umwonyeshe daftari: deni limebaki kiasi hiki, ada imepangwa hivi, biashara imeingiza kiasi hiki kwa miezi hii. Mzee wa Kigusii anaweza kubishana na ndoto usiku kucha, lakini hesabu zilizonyooka atazisoma. Mpe muda wa kununa pia. Halafu uniandikie ukitoka likizo, uniambie mikono yako ilienda wapi ile wiki ya pili. Tutaanzia hapo.