Rangi ya Gari Ikibanduka Kabla ya Wakati Wake

Umelinunua gari jipya, hujaligonga popote, na mwaka wa nne rangi ya paa inaanza kukunjuka kama ganda la kitunguu. Unampelekea wakala, analitupia jicho mara moja: "Jua la Dar hilo, mzee." Nami niliambiwa hivyo hivyo, nikarudi nyumbani bila neno. Wewe usirudi hivyo.

1. Isome rangi kwanza. Gari likitoka kiwandani lina tabaka la kuzuia kutu, praima, rangi yenyewe, na juu kabisa klia inayong'aa. Jiwe la barabarani huacha nukta ndogo, hasa mbele ya boneti. Kinyesi cha kunguru huacha doa lililofifia. Rangi iliyokosa kushika tangu kiwandani hutoka vipande vipande. Kwangu ilianzia juu ya kioo cha mbele: niliingiza ukucha, kikainuka kipande kipana kama vocha ya simu, laini upande wa chini, na pale kilipotoka pakabaki kijivu kitupu, bila hata mkwaruzo. Jiwe haliachi alama ya namna hiyo, wala kunguru.

2. Ukishajua, acha kumenya! Usimpe fundi apulizie "kidogo tu" kuficha aibu, maana ukishapaka umefuta ushahidi wako. Piga picha mchana, weka sarafu pembeni ili ukubwa uonekane, piga na dashibodi ionyeshe kilomita. Rudia kila mwezi.

3. Pimisha unene wa rangi. Kuna kifaa cha mkononi kinachosoma mikroni juu ya bati. Rangi ya kiwandani mara nyingi husoma kati ya 100 na 150 hivi. Ikisoma 300, watakwambia gari lilishapakwa upya, na hapo dai lako limekwisha. Pima wewe kabla yao, paa, boneti na milango yote, uandike.

4. Waranti ya kutu si waranti ya rangi. Ile ndefu inayotajwa siku ya kununua kwa kawaida ni ya bati kutoboka kwa kutu. Rangi mara nyingi iko kwenye ile fupi ya gari zima. Kwa hiyo siku unayoona kipele cha kwanza, peleka barua siku hiyo hiyo na ugongewe muhuri wa kupokelewa.

5. Wakikataa, waandike sababu. Maneno ya kaunta hayana uzito. Wakiandika "mazingira", waulize kwa barua: mazingira gani, na nani aliyelikagua gari?

6. Hoja ya jua ina jibu. Huko Marekani, Toyota ilikubali kugharamia upakaji upya wa baadhi ya magari yake meupe yenye namba za rangi 040 na 070, na maelezo yake yenyewe yalikuwa kwamba mwanga wa jua hulegeza mshiko wa tabaka la chini. Mpango ule haumfungi wakala wa hapa, lakini unaonyesha kwamba jua na kasoro ya kiwanda vinaweza kuwa kitu kimoja. Gari linaloletwa kuuzwa Dar linaletwa kwenye jua, na muuzaji analijua hilo. Tafuta namba ya rangi ya gari lako kwenye kibao kilicho ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, uitaje kwenye barua.

7. Ngazi ya juu ipo. Tanzania, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, ambayo chini ya sheria ya mwaka 2003 inashughulikia pia haki za mlaji. Kenya kuna Mahakama ya Madai Madogo, kwa madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na unaweza kujisimamia bila wakili.

8. Gari la mtumba kutoka Japani? Usitegemee waranti ya kiwanda. Kagua paa kwa mkono kabla hujalipa.

9. Wakikubali kuchangia nusu, uliza kazi itafanywaje. Rangi yote iliyolegea lazima ikwanguliwe hadi pale inaposhika, hata kama ni hadi kwenye bati, kisha ianze praima. Wakipulizia juu ya ile ya zamani, itabanduka nayo. Mimi nilikaa gereji siku nzima nikitazama paa langu likikwanguliwa, na ningekaa tena.