Samadi, Moto na Shamba

1. Nchi ya Oldeani

Kaskazini ya Tanzania, karibu na Karatu, uko mlima uitwao Oldeani. Jina hilo latoka katika lugha ya Wamasai, na maana yake ni mwanzi, kwa kuwa mianzi mingi huota katika msitu wake wa juu. Mlima huu una kimo cha zaidi ya mita 3,000, na zamani sana ulikuwa mlima wa moto. Udongo wa nchi iliyo chini yake una rutuba, nao hustawisha mahindi, maharagwe, ngano na kahawa.

Msitu wa mlimani una kazi kubwa. Huzuia mawingu na ukungu, na maji yake hunywea ardhini polepole, kisha hutokea chini katika chemchemi na vijito. Kwa hiyo mtu atekaye maji bondeni hupata fadhili za miti ambayo pengine hajapata kuiona.

Katika nchi kama hii kila nyumba ina haja mbili zisizokwisha. Ya kwanza ni moto wa kupikia. Ya pili ni mbolea ya kulisha shamba. Moto wataka kuni, na kuni zatoka mitini. Tukimwambia mtu auache msitu, atatuuliza, "Nitapika kwa nini?" Mwingine aweza kujibu, "Kausha samadi ya ng'ombe, uichome," kama wafanyavyo watu wengi wa Bara Hindi tangu zamani. Lakini samadi ikiwa jivu, shamba litakula nini? Katika somo hili tutaona jinsi samadi ile ile iwezavyo kutoa moto, kisha ikaenda shambani.

2. Wairaqw na samadi yao

Watu wengi wa Karatu na Oldeani ni Wairaqw, ambao zamani waliitwa Wambulu. Asili yao ni vilima vya Mama Isara, karibu na Mbulu. Huko nchi ilikuwa nyembamba na watu wengi, basi hawakuweza kuhamahama kila shamba lilipochoka. Iliwabidi kulitunza shamba lile lile mwaka baada ya mwaka.

Nyumba zao za zamani zilichimbwa ubavuni mwa kilima, zikaezekwa kwa udongo. Usiku ng'ombe walilala ndani pamoja na watu, ili wasipatwe na adui, wala mnyama mkali, wala baridi. Kwa desturi hiyo samadi haikutapanywa porini, bali ilikusanyika mahali pamoja, ikachukuliwa na kumwagwa shambani. Wataalamu wa kilimo waliofika huko waliistaajabia hekima hiyo. Mwiraqw hakuhitaji kufundishwa kwamba samadi ni mali. Alijua tangu utoto.

Kwa hiyo mtu wa namna hiyo akisikia kwamba samadi yaweza kupika chakula, ana haki ya kuwa na shaka. Aona kama anaambiwa auze mbegu ili anunue jembe. Shaka yake ni ya busara, nayo yastahili jibu lililo sawa. Kwanza basi tujue kuoza ni kitu gani.

3. Kuoza ni nini

Jani lianguka, mnyama afa, chakula chamwagika: vyote huoza. Vinavyoviozesha ni viumbe vidogo mno, visivyoonekana kwa macho ila kwa darubini. Twaviita vijidudu au bakteria. Vijidudu hivi hula kitu kilichokufa, wakikivunja vipande vipande, mpaka kinarudi kuwa chakula cha mimea.

Viko vya namna nyingi. Vingine huhitaji hewa, navyo hufanya kazi katika lundo la mboji. Lundo hilo hupata joto, na ukitia mkono ndani utalisikia. Vingine haviwezi kuishi penye hewa. Hivyo hukaa katika matope ya bwawa, na ndani ya tumbo la ng'ombe. Hivi vya pili vikila, hutoa gesi iwezayo kuwaka, iitwayo methani.

Mwaka 1776 Mwitalia mmoja, Alessandro Volta, alichokoza matope katika ziwa Maggiore, akaona mapovu yakipanda juu. Aliyakusanya chomboni, akayawasha, yakawaka. Tangu hapo wenye elimu walitafuta njia ya kuikamata gesi hiyo na kuitumia. Leo katika nchi za China na India mitambo ya gesi ya namna hii imejengwa kwa mamilioni.

4. Mtambo wa bayogesi

Gesi itokanayo na samadi huitwa bayogesi. Kadiri ya nusu yake au zaidi ni methani. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni hewa ya kaboni, ambayo haiwaki.

Katika Tanzania shirika la SIDO lilianza kueneza mitambo hiyo mwaka 1975. Mitambo ile ya kwanza ilikuwa na shimo lililofunikwa kwa ngoma ya chuma, nayo ngoma ilielea juu ya samadi. Gesi ilipoongezeka ngoma ilipanda, ilipotumika ilishuka. Ulikuwa mpango mzuri, lakini chuma kilikuwa ghali, tena kilishika kutu. Baadaye kituo cha CAMARTEC cha Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1981, kilieneza mtambo wa kuba, uliojengwa kwa matofali na saruji chini ya ardhi. Huo hauna chuma kipandacho na kushuka, na ukijengwa vema hudumu miaka mingi. Tangu mwaka 2009, kwa mpango mkubwa wa taifa, maelfu ya mitambo ya nyumbani yalijengwa katika mikoa mingi.

Mtambo huo una sehemu tatu. Ya kwanza ni birika la kuchanganyia. Humo samadi mbichi hukorogwa na maji, ndoo moja kwa ndoo moja, mpaka uwe uji. Ya pili ni kuba lenyewe, ambamo uji huoza pasipo hewa, na gesi hukusanyika juu. Ya tatu ni birika la kutokea. Gesi ikiwa nyingi hukandamiza uji, nao hupanda katika birika hili la tatu. Mtu akifungua bomba jikoni, uji hurudi chini na kuisukuma gesi kwenda jikoni. Hivyo hapana haja ya pampu. Uzito wa uji wenyewe ndio usukumao.

Vijidudu vya kuba hupenda joto la kiasi cha digrii 35. Oldeani ni nchi ya baridi, hasa usiku wa miezi ya Juni na Julai, basi huko kazi yao huenda polepole. Ndiyo sababu kuba huzikwa ardhini, ambapo joto halibadiliki upesi.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme mama mmoja ana ng'ombe wawili wafugwao bandani, naye apata kilo 20 za samadi kila siku. Kila kilo yaweza kutoa kama lita 35 za gesi. Basi kwa siku atapata lita 700. Jiko lake likitumia lita 350 kwa saa, atapika kwa muda wa saa mbili. Muda huo watosha kupika chai ya asubuhi na ugali wa jioni. Kama ataka kuchemsha maharagwe magumu, itampasa ayaloweke usiku kucha, au aongeze kuni kidogo. Lakini mzigo wake wa kuni umepungua sana, na jikoni mwake hamna moshi wa kuumiza macho na kifua.

5. Je, shamba limeibiwa?

Hapa twafika katika swali la Mwiraqw. Je, gesi ikitoka, mbolea haikutoka pamoja nayo?

Ili kujibu, tutazame gesi hiyo ina nini ndani yake. Methani na hewa ya kaboni zimefanywa kwa kaboni, hidrojeni na oksijeni. Vitu hivyo mmea huvipata katika hewa na maji. Lakini vile mmea uvitafutavyo udongoni, yaani naitrojeni, fosforasi na potasi, havitoki pamoja na gesi. Karibu vyote hubaki katika uji.

Linganisha sasa njia mbili. Mtu achomaye samadi kavu apoteza naitrojeni, kwa maana hutoka na moshi. Abaki na jivu. Mtu aitiaye kubani apata moto, kisha katika birika la tatu akuta uji mweusi usionuka sana, wenye chakula cha mmea karibu kama ulivyoingia. Tena sehemu ya naitrojeni imekwisha kulainishwa na vijidudu, hata mizizi yaweza kuinywa upesi.

Basi shamba halikuibiwa. Ila liko sharti moja. Uji huo usiachwe kukauka juani siku nyingi, kwa sababu naitrojeni iliyolainishwa hurukia hewani. Yafaa umwagwe shambani na kufunikwa kwa udongo, au uchanganywe na majani makavu katika lundo la mboji lenye kivuli.

6. Maganda ya kahawa

Oldeani ni maarufu pia kwa kahawa. Katika miaka ya 1920 na 1930 walowezi wa Kizungu, wengi wao Wadachi, walifungua mashamba makubwa chini ya mlima. Vita vilipoanza mwaka 1939, serikali ya Waingereza iliyatwaa mashamba ya Wadachi. Wenye mashamba walibadilika, lakini kahawa ilibaki, na hata leo yalimwa huko.

Tunda la kahawa likiiva ni jekundu. Humenywa kwa mashine, na katika kila kilo 100 za matunda, kama kilo 40 ni maganda mabichi yenye nyama. Maganda hayo yakitupwa kijitoni huoza, na vijidudu vyake hutumia oksijeni iliyo majini. Samaki hukosa pumzi, na maji hunuka hata kwa watu waishio chini. Kumbe maganda yale yale yakifanywa mboji pamoja na samadi hulisha mikahawa iliyoyazaa. Yaweza pia kutiwa katika mtambo wa gesi. Lakini yana ukali wa asidi, kwa hiyo huchanganywa na samadi ya ng'ombe, wala hayatiwi mengi kwa mara moja. Nayo maganda makavu yatokayo katika viwanda vya kukoboa kahawa huwaka vizuri, na yaweza kushindiliwa yawe mabonge ya kupikia.

Jambo hili si la kahawa peke yake. Katika kila kilo 100 za majani ya mkonge, nyuzi ni kama kilo 4 tu. Zilizobaki zilikuwa zikitupwa. Mwaka 2008 mtambo ulizinduliwa huko Hale, mkoa wa Tanga, wa kuyageuza mabaki hayo kuwa gesi, na gesi kuwa umeme.

7. Mambo ya kuangalia

Mtambo wa gesi ni kama ng'ombe wa maziwa: usipolishwa, hautoi kitu. Mitambo mingi iliyokufa haikuvunjika, bali ilikosa chakula. Penye ng'ombe wachungwao mbali mchana kutwa, samadi hubaki malishoni. Penye shida ya maji, uji haukorogeki. Na kujenga kuba kwahitaji fedha nyingi kwa mara moja na fundi aliyejifunza, maana ufa mdogo wapoteza gesi yote. Kwa hiyo mtu mwenye akili huhesabu kwanza ng'ombe wake, maji yake na fedha zake.

Tena ni kitu chenye hatari. Mtu asiingie kamwe ndani ya kuba, hata likionekana tupu, kwa kuwa gesi yaweza kumwua kwa kukosa pumzi. Wala asitafute mahali panapovuja kwa kutumia taa au kiberiti. Apake maji ya sabuni juu ya bomba. Penye kuvuja patatoa mapovu.

Wahenga walisema, "Akiba haiozi." Lakini samadi ni akiba ya namna nyingine: haina faida mpaka ioze. Mwenye shamba aiozeshaye mahali pafaapo hupata moto wake na mbolea yake, na miti ya Oldeani hubaki ikishika mawingu.

Jaribio

Chukueni chupa tupu. Tieni samadi mbichi na maji kwa kiasi sawa, mpaka nusu ya chupa. Fungeni puto mdomoni kwa uzi, msiache nafasi ya hewa. Wekeni chupa mahali penye joto, pasipo moto. Itazameni kila siku kwa muda wa majuma matatu, mkiandika mnayoyaona. Msiwashe gesi hiyo. Siku za kwanza nyingi yake ni hewa ya kaboni tu, na baadaye yaweza kuwaunguza.

Maswali

1. Msitu wa mlima wa Oldeani wawasaidiaje watu wa bondeni?
2. Kwa nini Wairaqw wa zamani hawakupoteza samadi ya ng'ombe wao?
3. Taja tofauti ya vijidudu vya lundo la mboji na vile vya ndani ya kuba.
4. Mtu ana kilo 30 za samadi kila siku. Kila kilo yatoa lita 35 za gesi, na jiko latumia lita 350 kwa saa. Atapika kwa saa ngapi?
5. Eleza kwa maneno yako kwa nini kuchoma samadi kwaumiza shamba, na kuitia katika mtambo hakuumizi.
6. Jirani yako ana ng'ombe wanne wachungwao porini mchana kutwa, naye ataka kujenga mtambo. Utampa shauri gani?