Nuru Isiyoonekana na Mrija wa Nyongo

Na mwanafunzi wa Kidato cha IV

Kila aliyewahi kuchuna mbuzi ajua jinsi mtu anavyokuwa mwangalifu afikapo kwenye ini. Pale chini ya ini pana kifuko cha kijani, nacho kikipasuka nyama huwa chungu. Kwa mbuzi hasara ni ya kitoweo tu. Lakini nyongo ikimwagika tumboni mwa mtu aliye hai, yaweza kumwua. Leo nataka kueleza habari za nuru wanayoitumia madaktari wapasuaji ili jambo hilo lisitokee.

Yafaa kwanza tujue kwa nini mtu apasuliwe nyongo. Sababu kubwa ni mawe. Kwetu Bukene, kama ilivyo mahali pengi Unyamwezi na Usukuma, ugonjwa wa selimundu si mgeni. Mdogo wangu anao. Katika Tanzania watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka. Chembe nyekundu za damu ya mtu mwenye afya huishi siku 120 hivi, lakini za mgonjwa wa selimundu hufa baada ya siku 10 hadi 20. Zikivunjika hutoa rangi ya manjano iitwayo bilirubini. Ini huitia rangi hiyo katika nyongo, na ikizidi huganda ikawa vijiwe vyeusi. Hivyo hata mtoto aweza kupata mawe ambayo kwa kawaida huwapata watu wazima. Yakimtesa, dawa ni kuuondoa mfuko wenyewe, na mtu huishi vizuri bila huo.

Shida iko kwenye mirija. Mfuko wa nyongo umeungwa kwa mrija mdogo na mrija mkuu, ambao huchukua nyongo kutoka kwenye ini hadi utumbo mwembamba. Daktari hana budi kuukata ule mdogo na kuuacha mkuu. Katika kitabu cha Baiolojia jambo hili ni rahisi, maana mirija imechorwa kwa rangi nzuri. Tumboni imefunikwa na mafuta, na palipokuwa na uvimbe kila kitu kimeshikamana. Akikosea akaukata mkuu, nyongo humwagika au huzuiliwa ndani ya ini, macho yakawa ya manjano, na mgonjwa hurudishwa kwa upasuaji mkubwa kuliko ule wa kwanza.

Sasa tugeukie Fizikia. Usiku, funika kioo cha tochi kwa kiganja chako: vidole vitang'aa vyekundu. Kwa nini si kijani? Kwa sababu damu hunywa nuru ya buluu na ya kijani, bali nyekundu hupenya. Ukizidi kupita nyekundu, katika mawimbi ya nanomita 700 hadi 900, damu hunywa nuru kidogo zaidi. Ukipita 900, maji ya mwilini nayo huanza kuinywa. Basi katikati pana kama dirisha. Nuru ya hapo, iitwayo infraredi ya karibu, macho yetu hayaioni, lakini kamera huiona. Elekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera ya simu, ubonyeze, na kwa simu nyingi utaona nukta ikiwaka. (Simu haziruhusiwi bwenini, kwa hiyo jaribio hili lingoje likizo.)

Nuru ya infraredi iligunduliwa mwaka 1800 na Bwana William Herschel, alipoweka vipimajoto kando ya rangi nyekundu ya jua. Mwaka 1845 mwanawe, John, aliona kwamba maji yenye kwinini hung'aa buluu juani. Ndiyo kwinini ile iliyobebwa na misafara ya akina Livingstone na Stanley, waliokaa Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1872. Mwaka 1852 Bwana George Stokes alieleza sababu: kuna vitu vinavyomeza nuru ya wimbi fupi na kutoa nuru ya wimbi refu zaidi. Jambo hilo aliliita fluoresensi. Baba aligundua nuru isiyoonekana, mwana akaona kung'aa kwa dawa. Madaktari wameunganisha mambo hayo mawili.

Rangi wanayoitumia huitwa indosianini ya kijani. Ilitoka katika maabara za Kodak, watengenezaji wa filamu za picha, na Marekani iliiruhusu kutumika kwa wagonjwa mwaka 1959, kwanza kwa kupima moyo na ini. Ikidungwa katika mshipa hushikamana na protini za damu. Kisha ini huiokota na kuitupa yote katika nyongo bila kuibadilisha. Hapa ndipo ninapostaajabu: hakuna mtu anayepaka mirija rangi, bali ini lenyewe ndilo linaloipaka. Daktari huingiza kamera kwa tundu dogo na kumulika nuru ya nanomita 800 hivi. Rangi hurudisha ya 830 hivi, na mirija hung'aa katika kioo kabla kisu hakijaigusa. Bwana Takeaki Ishizawa na wenzake wa Tokyo walieleza njia hii mwaka 2009. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya wagonjwa 639, nayo yalionyesha kuwa mirija ilionekana vizuri zaidi kwa nuru hii kuliko kwa taa nyeupe. Rangi hiyohiyo huonyesha pia kama damu inafika katika utumbo ulioshonwa.

Hata hivyo tusiisifu kupita kiasi. Haipenyi zaidi ya sentimita moja hivi, na mafuta mazito huificha mirija. Ini nalo hung'aa likatia kiwi, ndiyo maana mara nyingi rangi hudungwa saa kadhaa kabla ya upasuaji. Ina iodini, basi mgonjwa huulizwa kama humdhuru. Tena kamera zake ni za bei kubwa.

Kwa maoni yangu, kuna kanuni iliyo bora kuliko taa, nayo haigharimu kitu. Ilielezwa mwaka 1995 na Bwana Steven Strasberg wa Marekani: daktari asafishe mafuta na nyuzi mpaka aone vitu viwili tu vinavyoingia katika mfuko, yaani mrija mmoja na mshipa mmoja wa damu, kisha ndipo akate. Asipoviona, asikate. Taa humsaidia kuviona mapema. Mdogo wangu bado hajahitaji upasuaji. Siku akiuhitaji, nitamwomba daktari ruhusa ya kumwuliza atavitambuaje vitu hivyo viwili.