SOMO: Jina Lako na Herufi Zake

Ndugu mkazi wa Dzaleka,

Leo tunajifunza jambo linaloonekana dogo: kulitamka jina lako na kulitaja herufi kwa herufi mbele ya karani.

Chukua mfano wa mtoto aliyezaliwa wazazi wake wakiishi Chinsapo, mjini Lilongwe. Kadi yake ya zahanati iliandikwa Eladukunda. Mwaka 2023 serikali iliporudisha kambini wakimbizi waliokuwa mijini, shuleni akaandikwa Iradukunda. Siku kadi na cheti vitakapowekwa mezani pamoja, nani ataamini kuwa ni vya mtoto mmoja?

Makosa hutoka wapi?

1. Majina ya herufi. Wengi kati yenu, kutoka Burundi, Rwanda na Kongo, mlisoma kwa Kifaransa. Ofisi za Malawi hutumia Kiingereza. Herufi ni zilezile, lakini haziitwi kwa majina yaleyale. Ukisema "i", karani ataandika E, kwa sababu kwa Kiingereza E ndiyo huitwa "ii". Herufi I huitwa "ai". A huitwa "ei". Ukisema "a" huenda akaandika R, maana R huitwa "aa". G huitwa "jii" na J huitwa "jei", karibu kinyume cha Kifaransa. C ni "sii", H ni "eichi", U ni "yuu", W ni "dabliyu".

2. R na L. Kwa Kichewa, R na L huhesabiwa kuwa sauti moja. Hata Kirundi na Kinyarwanda havitenganishi maneno kwa sauti hizo mbili. Kiswahili hutenganisha: mahali si mahari, na kula si kura. Kwa hiyo karani akiandika L badala ya R, hakudharau. Ameandika alivyosikia.

3. Namna ya kuandika. Jina la Kirundi Ciza husomwa "Chiza". Kongo huandika sauti hiyohiyo kwa "tsh", kama katika Tshisekedi. Djuma wa Kongo na Juma wa Tanzania hutamkwa sawa. Hakuna aliyekosea, bali kila nchi ina kanuni yake.

Jambo hili haliko kwetu tu. Huko Ireland kuna majina ya kike Siobhán na Niamh. La kwanza husomwa "Shivooni", la pili "Niivu", kwa kuwa katika lugha yao "bh" na "mh" huweza kusomwa kama V. Asiyejua kanuni hiyo atayasoma vibaya hata akiwa msomi.

Nasi pia tunakosea majina ya wenyeji wetu. Phiri si "Firi": ni P inayotoka na pumzi. Thokozani haina "th" ya thamani, ni T yenye pumzi. Hata jina la kambi hii, wengi husema "Zaleka". Sema Dzaleka, ukiunganisha D na Z kwa pamoja. Ukilitamka vizuri jina la karani, naye atajitahidi kulitamka lako.

Ufanye nini?

• Tafuta karatasi yako ya zamani kuliko zote yenye jina lako. Andika jina kama lilivyo humo, kila mahali, bila kubadilisha hata herufi moja.
• Nenda ofisini ukiwa na jina lililoandikwa kwa herufi kubwa. Mwonyeshe karani, usimtajie tu kwa mdomo.
• Soma kabla ya kutia sahihi au kidole gumba. Kama hujui kusoma, nenda na mtu unayemwamini.
• Kosa likiwa limeshaingia, usilifute wala usiandike juu yake. Peleka karatasi zote mbili ofisini, uombe lisahihishwe.
• Kwa Warundi na Wanyarwanda: kwenu kila mtoto hupewa jina lake, na ndugu wa tumbo moja huenda wasifanane jina hata moja. Mweleze karani mapema, asije akadhani si watoto wako.

Zoezi

Taja kwa sauti, kwa Kiingereza: I-R-A-D-U-K-U-N-D-A. Jibu: ai, aa, ei, dii, yuu, kei, yuu, en, dii, ei. Sasa fanya hivyo kwa jina lako, kisha wafundishe watoto wako majina yao. Mtoto aliyepotezana na wazazi wake hutafutwa kwa jina. Akiweza kulitaja sawasawa, wanaomtafuta wana pa kuanzia.

Na ukikutana na jirani Mmalawi, muulize maana ya jina lake. Chimwemwe ni Furaha. Chisomo ni Neema. Mphatso ni Zawadi. Huenda mna jina moja na hamjui.