Babu anapoitwa kuchukuliwa kinyama

Umerudi nyumbani Mtera kwa likizo. Babu, ambaye kila mara hukupokea kwa utani, safari hii amekaa kimya chini ya mti. Usiku unamsikia akiamka mara nne, mara tano, kwenda kukojoa. Baadaye bibi anakunong'oneza: alipimwa damu Dodoma mjini, kipimo kikaonekana kimepanda, na sasa ameambiwa arudi akachukuliwe kinyama. Hataki kwenda. Eti mvuvi mwenzake amemwambia kule wanaume huhasiwa.

Je, wewe mwanafunzi wa sekondari unaingiaje hapo? Unaingia sana tu. Baba yako anaona aibu kumuuliza babu habari za haja ndogo. Lakini mjukuu na babu wana utani wao, na utani hufungua mlango ambao heshima imeufunga. Tena wewe unajua kusoma kadi ya hospitali.

Anza na mwili wenyewe. Tezi dume ni kiungo kidogo, ukubwa wa ndimu ndogo, kilichokaa chini ya kibofu na mbele ya njia ya haja kubwa. Mrija wa mkojo unapita katikati yake. Ndiyo maana tezi ikikua, mkojo unatoka kwa shida. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji ya manii. Damu aliyopimwa babu ni ya kuangalia PSA, protini inayotoka kwenye tezi hiyo. PSA inaweza kupanda kwa sababu ya saratani, lakini hupanda pia tezi ikivimba kwa uzee tu, au mkojo ukiwa na maambukizi. Damu peke yake haiwezi kuamua. Kinyama kinachoangaliwa kwa hadubini ndicho kinachoamua.

Sasa mwambie babu kitakachofanyika. Mara nyingi hulazwa ubavu, magoti yakiwa yamekunjwa. Daktari huingiza kifaa cha utrasaundi, chembamba kama kidole gumba, kupitia njia ya haja kubwa, halafu huchoma ganzi. Sindano maalumu huchukua vipande vyembamba kama uzi, kwa kawaida 10 hadi 12. Kila kimoja kinatoa mlio wa "ta!" ambao humshtua mtu kuliko maumivu yenyewe. Kwingine sindano hupita kwenye ngozi kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Kazi yote huchukua kama robo saa, pengine zaidi kidogo. Korodani haziguswi kabisa, kwa hiyo hilo la kuhasiwa ni uzushi.

Maandalizi ndiyo yanahitaji kalamu yako. Kaa na babu, andika kila dawa anayokunywa, pamoja na za kienyeji. Aspirini na warfarini hufanya damu isigande upesi, hivyo daktari lazima azijue kabla ya siku ya kipimo. Lakini babu asiziache kwa uamuzi wake, maana huenda zinaulinda moyo wake. Andika kama ana kisukari, na kama kuna dawa iliyowahi kumletea vipele au kumvimbisha. Andika pia antibiotiki yoyote aliyokunywa miezi ya karibuni, hata ile ya kununua dukani bila cheti. Wengi hulificha hili, kumbe lina uzito: vijidudu vilivyozoea dawa vinaweza kuishinda ile atakayopewa kumkinga. Hospitali itapima mkojo kwanza, na pengine itamwambia asafishwe utumbo. Kuhusu kula au kufunga, fuateni maelekezo ya pale pale, kwa sababu inategemea aina ya ganzi.

Akishatoka, ataona damu kidogo kwenye mkojo na haja kubwa kwa siku kadhaa. Kwenye manii inaweza kuonekana kwa wiki kadhaa. Mjulishe mapema, la sivyo atadhani ameharibiwa, au watu wa kando ya bwawa watasema ni kichocho.

Hapa soma polepole. Homa au kutetemeka kwa baridi siku chache baada ya kipimo SI ya kutafutia dawa ya malaria dukani. Sindano iliyopita njia ya haja kubwa inaweza kuingiza bakteria kwenye damu. Wanaopatwa ni wachache, lakini mzee anaweza kufa haraka. Sisi watu wa huku tukiona homa tunataja malaria kabla ya kugusa paji la uso! Mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata usiku, na useme wazi: "Juzi amechukuliwa kinyama cha tezi dume." Fanya hivyo hivyo akishindwa kabisa kukojoa, au akitoa mabonge ya damu. Kutoka Dodoma hadi Mtera ni zaidi ya kilomita 100, kwa hiyo kama mna ndugu mjini, babu alale kwao siku mbili tatu kabla ya kupanda basi. Na amalize dozi yote aliyopewa.

Akikataa bado, mkumbushe Rais Jakaya Kikwete. Novemba 2014, akiwa bado madarakani, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, na aliporudi akawaeleza wananchi waziwazi kwamba ilikuwa saratani iliyogunduliwa mapema. Kama rais alilisema hadharani, babu anaweza kulisema kwa mjukuu wake.

Majibu huchukua wiki moja, mbili, au zaidi. Kama ni saratani, karatasi itakuwa na alama za Gleason, kuanzia 6 hadi 10. Ya 6 huenda polepole, na mara nyingine madaktari huifuatilia tu kwa vipimo. Ya 9 ni kali. Muulizeni daktari ni ngapi, kisha baba yako naye aambiwe, maana mwanaume ambaye baba au kaka yake amepata saratani hii yuko kwenye hatari kubwa kuliko wengine. Hiyo karatasi msiitupe. Iwekeni pamoja na kadi yake ya kliniki, mahali ambapo hata bibi anapajua.