Umepata Ajira, Kazi Hakuna: Ufanyeje?

Chuoni tunajiandaa kwa mambo mawili: kukosa ajira, au kuipata na kuelemewa. La tatu huwa hatuambiwi. Unaripoti saiti na helmeti yako mpya, unaoneshwa kiti, halafu siku zinapita. Hutumwi chochote zaidi ya kupeleka karatasi na kuhesabu vibarua asubuhi. Posho inaingia, ila jioni ukijiuliza umefanya nini, huna jibu.

Wengine watakwambia, "Si unalipwa? Tulia." Usitulie. Kwa mhandisi wa Tanzania digrii ni mwanzo tu. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyopo kwa Sheria Na. 15 ya mwaka 1997, inataka uzoefu wa kazi usiopungua miaka 3 kabla ya kukusajili kama mhandisi mtaalamu. Miaka 3 ya kukaa kitini nayo hupita, lakini siku ya usaili kalenda haitakusemea.

Kwanza tuelewe chanzo. Mara nyingi si dharau. Kazi ya ujenzi huja kwa mawimbi: mteja hajalipa, saruji haijafika, mvua imeharibu njia. Pia bosi ana haraka. Kukuelekeza kunamla saa nzima, kufanya mwenyewe ni dakika 20. Na zaidi ya yote, ukuta ukipasuka, anayeulizwa ni yeye. Hivyo hawezi kukuachia jambo asiloweza kulikagua upesi.

Basi omba kazi ndogo inayokagulika. Ukiuliza, "Bosi, kuna kazi?" utajibiwa, "Subiri kidogo." Jaribu hivi: "Mhandisi, naomba nihesabu nondo za nguzo za ghorofa ya kwanza, kesho nikuletee uone kama zinalingana na BOQ." Hapo kusema ndiyo ni rahisi.

Na hizo nondo zina somo. Chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, gawanya kwa 162. Unapata kilo kwa kila mita. Nondo ya milimita 12 inakupa takriban kilo 0.89, kwa hiyo ya urefu wa mita 12 ina kama kilo 10.7. Tani moja ni nondo 94 hivi. Lori likishusha "tani 5", wewe unajua uhesabu ngapi.

Kwenye zege, usikose siku ya kumwaga. Andika vipimo vya ulaini wake, na vile vibonge vya majaribio vifuatilie hadi maabara, siku ya 7 na ya 28. Zege la saruji ya kawaida likifika siku ya 7 huwa limepata karibu theluthi mbili ya nguvu ya siku ya 28. Likiwa chini sana ya hapo, mwambie bosi mapema, kabla ghorofa nyingine haijapandishwa juu yake.

Usimpite fundi. Muulize kwa heshima kwa nini ameunganisha nondo pale na si katikati, kisha usiku fungua michoro uhakiki. Shikamoo ya fundi mzee inafungua mengi kuliko kitambulisho cha ofisi.

Daftari lako la kazi liandike kila siku, tena kwa ukweli. Siku uliyokaa bure, andika umekaa na sababu yake. Usipike. Baada ya miezi miwili au mitatu, kama umeomba na hupewi, daftari hilo ndilo hoja yako: mpelekee msimamizi wako, omba uhamishiwe kitengo au mradi mwingine. Hapo humlalamikii mtu, unaonesha kumbukumbu.

Ninyi mnaokwenda field mwaka huu, anzeni huko huko. Wiki ya kwanza tu, tafuteni michoro, muombe kitu kimoja cha kuhesabu.