SOMO: Vipande vya Chapati na Vitoweo – Tupike Vizuri, Tuhesabu Vizuri



Vikundi kadhaa vimetuomba somo juu ya chakula kidogo cha kuuza baada ya Misa au siku ya soko, au cha kuwapa wageni kwenye harusi na harambee wakati wanangoja chakula chenyewe. Tumechagua vipande vya chapati vyenye kitoweo juu. Wengi wetu tunajua kusukuma chapati, vyombo viko nyumbani, na oveni haihitajiki. Majirani wetu wa Uganda wanakunja mayai na nyanya ndani ya chapati, wanaita rolex, na vijana wengi wanapata riziki yao hapo kando ya barabara.

Lakini kabla ya kuwasha jiko, tuwaeleze jambo moja tuliloliona.

MAMBO YALIYOTOKEA

Kikundi kimoja cha wamama kilitoa shilingi 800 kwenye mfuko wao wa kusaidiana wakati wa ugonjwa. Wakapika chapati 24, kila moja wakaikata vipande vinne, jumla vipande 96. Siku ya sherehe ya parokia wakauza kila kipande shilingi 10. Kufika saa saba mchana sinia zilikuwa tupu. Wakarudi nyumbani wakiimba.

Mkutano uliofuata, mweka hazina akaleta shilingi 700. Maneno yakaanza. Vipande 96 kwa shilingi 10 ni shilingi 960. Sasa 260 zimeenda wapi? Wengine wakanong'ona ati mama amekula pesa. Akaacha kuja mkutanoni.

Tulipoitwa, tuliketi nao tukahesabu kipande kwa kipande. Vipande 6 viliungua au kuvunjika. Vipande 20 vililiwa na watoto waliokuwa wakilia pale mezani, waliobeba maji, na wanachama wenyewe ambao hawakuwa wamekunywa chai. Vilivyouzwa ni 70 tu. Hakuna aliyeiba. Lakini mfuko wa wagonjwa ulipungua shilingi 100, na mama mmoja nusura apoteze jina lake zuri.

Ndiyo sababu somo hili lina sehemu mbili. Tusishike ya kwanza tukaacha ya pili.

SEHEMU YA KWANZA: KUPIKA

Mahitaji ya chapati 24:
– Unga wa ngano kilo 2 (weka kikombe kimoja kando cha kunyunyizia kibao)
– Chumvi vijiko vidogo 4
– Mafuta vijiko vikubwa 6 ya kukandia, na mengine ya kukaangia
– Maji ya uvuguvugu, kama lita moja na kidogo

1. Changanya unga, chumvi na mafuta. Tia maji polepole huku ukikanda, dakika 10 hadi 15, mpaka unga uwe laini na usishike mikono.
2. Funika, uache upumzike nusu saa. Ukiharakisha hapa, chapati zitakuwa ngumu.
3. Gawa madonge 24 yaliyo sawa. Sukuma kila donge, paka mafuta, likunje kama kamba, kisha lizungushe kama konokono. Acha tena dakika 10.
4. Sukuma mara ya pili. Usifanye nyembamba sana, maana kipande kitabeba kitoweo.
5. Pika kwanza bila mafuta pande zote mbili, halafu paka mafuta kidogo mpaka iwe na rangi ya kahawia. Kata vipande vinne.

Kitoweo cha ndengu. Chambua ndengu kilo moja, osha, loweka usiku kucha. Mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya mpaka ziive na maji yakaribie kuisha. Kaanga vitunguu, kitunguu saumu na nyanya, tia ndengu na chumvi, uzipondeponde kwa mwiko. Kitoweo kiwe kizito. Chota kijiko ukiinamishe: kikidondoka kama mchuzi, rudisha jikoni. Kila kipande kinapata kijiko kimoja kikubwa.

Kitoweo cha omena. Kwa walio karibu na ziwa, hiki ni rahisi. Chambua omena, osha kwa maji ya moto, kausha, kaanga mpaka wakauke vizuri. Ongeza vitunguu na nyanya, pika mpaka maji yaishe.

Kitoweo cha sukuma wiki na mayai. Osha sukuma kwanza, halafu katakata ndogo sana. Kaanga na vitunguu, vunjia mayai, koroga mpaka mayai yaive kabisa.

Juu ya hivyo weka kachumbari kidogo: nyanya zilizotolewa maji, vitunguu, dhania na limau.

Angalieni: kitoweo kinawekwa mteja akiwa mbele yako. Ukikipaka mapema, chapati inalowa na kulegea, na mteja harudi.

USAFI

Chakula chenye ndengu, samaki au mayai kinaharibika upesi. Kikishapikwa, kisikae zaidi ya saa mbili bila kuwa moto sana. Afadhali sufuria ikae juu ya jiko lenye makaa. Kachumbari haipikwi, kwa hivyo nyanya na dhania zioshwe kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Nchi yetu imepata milipuko ya kipindupindu mara kadhaa, na mmoja ulianza Oktoba 2022. Anayepokea pesa asishike chakula. Mwenye kuhara apumzike nyumbani siku hiyo.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka wa 2017, basi tumieni karatasi safi, si gazeti lenye wino. Na kama mnataka kuuza kila wiki, nendeni kwa afisa wa afya ya umma mkaulize juu ya cheti cha afya na leseni kabla hajawajia yeye.

SEHEMU YA PILI: KUHESABU

Hizi ni bei za mfano tu. Andikeni za soko lenu.

Unga kilo 2 – sh. 180
Mafuta – sh. 150
Ndengu kilo 1 – sh. 160
Nyanya, vitunguu, dhania, limau, chumvi – sh. 140
Makaa – sh. 100
Maji na sabuni – sh. 30
Karatasi – sh. 40
Jumla – sh. 800

Hata kama makaa au mafuta yametoka nyumbani kwa mwanachama, yaandikwe. Kitu cha mtu si cha bure.

Katika vipande 96, tuseme 6 vinaharibika. Vinabaki 90. Gawa 800 kwa 90: kila kipande kimetugharimu karibu shilingi 9. Sasa tuone:

Tukiuza vyote 90 kwa shilingi 10, tunapata 900. Faida ni 100. Kama waliopika ni wamama watano, kila mmoja ameamka alfajiri kwa ajili ya shilingi 20!

Tukiuza 70 kwa shilingi 10 na kugawa 20, tunapata 700. Hasara ni 100.

Tukiuza vyote 90 kwa shilingi 15, tunapata 1,350. Faida ni 550.

Mkiona shilingi 15 ni nyingi kwa watu wa kwenu, msishushe bei kwa kubahatisha. Punguzeni gharama kwanza: nunueni ndengu wakati wa mavuno, au pandeni dhania na vitunguu vyenu.

Siku ya kuuza, kubalianeni hivi:
1. Mmoja auze, mwingine aandike.
2. Wapishi wanywe chai kabla ya kuanza. Vipande vya watoto na vya kuonjesha vihesabiwe na viandikwe.
3. Hakuna kukopesha, hata kwa mwenyekiti.
4. Pesa zihesabiwe pale pale mbele ya watu watatu, nao watie sahihi.

Katika Injili ya Luka sura ya 14, Yesu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Anaketi kwanza apige hesabu. Daftari si dalili ya kutoaminiana. Daftari linamlinda mweka hazina. Yule mama amerudi katika kikundi chake, na sasa kila wanapouza kuna mwenzake kando yake mwenye kalamu.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Mara ya mwisho tulipouza kitu, ni gharama gani hatukuandika?
2. Kwetu, ni kitoweo gani kinapatikana kwa bei nafuu miezi hii?
3. Kuna mtu tumewahi kumshuku bila kuhesabu? Tufanye nini ili tupatane naye?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.